Twawiwa Nini na Waliotoka Vitani?

Wahenga wetu walisema: Mla ni mla leo, mla jana kala nini? Methali hiyo yaeleza vema tabia ya wanadamu, lakini haitufundishi wajibu wao. Maana kama jambo la jana lisingekuwa na thamani leo, basi kusingekuwa na deni lolote duniani, wala ahadi, wala shukrani, wala ndoa. Kila mtu angeamka asubuhi akiwa hana neno na mwenzake.

Leo twataka kuwaza pamoja nanyi, wapenzi wasomaji, juu ya deni moja lisilo na hati wala hakimu wa kulidai. Ni deni letu kwa watu waliopelekwa vitani kwa ajili yetu, au kwa jina letu, kisha wakarudi. Kwamba mtu wa namna hiyo apewe malipo yake ya uzeeni na matibabu yake, hilo halina ubishi. Sisi twauliza jambo jingine ambalo lahusu kila nyumba. Je, twawiwa nao pia masikio yetu? Na kama twawiwa, habari zao tuzisimulie namna gani, tusije tukawadhulumu mara ya pili?

WALIOPOTEA MAJINA

Mwenye kutaka kujua matokeo ya deni hili lisipolipwa, na aende Kariakoo. Kila siku maelfu ya watu huuza na kununua mahali pale katika Dar es Salaam, nao ni wachache wanaofikiri kwamba jina hilo latokana na jina la Kiingereza la kikosi cha wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza. Nairobi nako kuna Kariokor, kwa sababu ile ile. Katika vita hivyo vya 1914 hadi 1918 wanyama wa mizigo walikufa kwa mbung'o, na motokaa zilikwama matopeni. Basi ikabaki shingo ya mwanadamu. Wapagazi walioandikishwa na Waingereza peke yao wanakadiriwa kufika milioni moja, na waliokufa hawapungui 95,000. Wengi wao hawakufa kwa risasi. Walikufa kwa kuhara damu, kwa homa, kwa njaa na kwa kuchoka.

Mwaka 1927 ilisimamishwa sanamu ya askari mjini Dar es Salaam, nayo iko hata leo. Nairobi sanamu zao ni tatu, na mmoja wa hao watatu ni mpagazi. Ni kazi nzuri ya mikono. Ila sanamu haina jina la mtu. Tume ya Makaburi ya Vita ya Waingereza iliundwa mwaka 1917, kwa shabaha kwamba wafu wote wakumbukwe sawasawa bila kujali cheo wala asili yao. Huku kwetu shabaha hiyo haikutimizwa. Mwaka 2021 tume hiyo yenyewe ilitoa taarifa, ikakiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Ikaomba radhi. Lakini nani aliyebaki wa kuipokea radhi hiyo?

Tuliangalie jambo hilo kwa makini. Watu wale hawakukosa sifa, kwa kuwa sanamu ni sifa. Walimkosa mtu wa kuwauliza: Wewe ni mwana wa nani? Umetoka wapi? Umeona nini? Sanamu moja ilionekana kuwatosha wote. Nasi twaogopa kwamba desturi hiyo haikuondoka pamoja na watawala wa kikoloni. Kusifu ni rahisi, kusikiliza ni kazi, na mara nyingi twatoa sifa kusudi tusiwe na haja ya kusikiliza.

Vita vya pili vilipokuja, kati ya 1939 na 1945, watu zaidi ya 80,000 wa Tanganyika waliingia jeshini. Wako waliopigana Uhabeshi mwaka 1941, wako waliokwenda Madagaska mwaka 1942. Mwaka 1944 Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ililishuka bonde la Kabaw katika Burma, nchi iitwayo sasa Myanmar, wakati wa mvua kubwa, katika matope na malaria, hata mwezi wa Desemba ikafika Kalewa na kuuvuka mto Chindwin. Waliosalimika walirudi vijijini kwao. Wazee wa Keya, kama walivyoitwa, walisimulia mara moja mbili; watoto wakacheka, watu wazima wakasema kwamba ni maneno ya pombeni. Kijana aliyekuwa na miaka 20 huko Kalewa, leo angekuwa amekwisha kupita miaka 100. Mlango huo umefungwa, au umebaki ufa tu.

Lakini mlango mwingine ungali wazi. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yaliingia kwetu, yakaitwaa nchi iliyo kaskazini ya mto Kagera. Yaliua watu wasio na silaha, yakapora ng'ombe na mali, hata kiwanda cha sukari hakikusalimika. Na daraja la Kyaka likavunjwa. Jeshi letu lilikuwa dogo, nalo likakua kwa miezi michache mpaka kupita watu 100,000, kwa kuwaita mgambo, polisi, askari magereza na vijana wa Jeshi la Kujenga Taifa. Tarehe 11 Aprili 1979 Kampala ikatekwa. Wengine wa waliokufa wamelala Kaboya, katika wilaya ya Muleba, nasi huwakumbuka kila mwaka tarehe 25 Julai. Waliorudi wamo miongoni mwetu. Aliyekuwa na miaka 20 wakati ule anakaribia miaka 70 sasa. Huenda ni mjomba wako, huenda ni jirani yako mwenye mguu mbovu, huenda ni babu alalaye chumba cha pili. Je, umepata kumwuliza?

SIFA SI MALIPO

Hapo wako watakaojibu: Tumewaheshimu. Twawaita mashujaa, twawapigia makofi. Neno hilo ni jema, lakini latupasa kulipima.

Kuna kisa kinachosimuliwa mara nyingi juu ya mwaka 1964, wakati serikali ya Ujerumani Magharibi ilipoamua kuwalipa askari wazee waliobaki, waliowatumikia Wajerumani katika vita vya kwanza. Husemwa kwamba wazee wapatao 350 walikusanyika Mwanza, na wachache tu walikuwa na hati. Wengine walileta vipande vya nguo zao za zamani za kijeshi. Basi yule afisa aliyekuja na fedha alimpa kila mzee ufagio, akamwamuru kwa Kijerumani kufanya mazoezi ya bunduki. Wasema hakushindwa hata mmoja.

Kisa hiki hupendeza, na wasimuliaji hukimalizia hapo kwa kicheko. Hata hivyo hebu tukisikilize tena. Miaka 46 baada ya vita mtu amekuja kuwauliza wazee hawa neno, na neno lenyewe ni hili tu: Je, waweza bado kushika silaha? Hakuna katika kisa hicho aulizaye: Ulimpiga nani? Maana katika upande wa pili walikuwako Waafrika wenzao. Hakuna aulizaye: Ulimwacha nani njiani? Ulikuta nini nyumbani? Huko Ugogo njaa iliyoitwa Mtunya, iliyoletwa na ukame pamoja na majeshi kuchukua nafaka, mifugo na watu, yakadiriwa kuwa iliua watu 30,000. Wapiganapo tembo wawili ziumiazo ni nyasi; na mara nyingine tembo mwenyewe alirudi akakuta nyasi zilizokatika ni mama yake na wadogo zake. Mikono ya wazee wale ilijaribiwa ikaonekana kuwa yakumbuka. Moyo haukuulizwa.

Hii ndiyo hatari ya sifa isiyosikiliza. Mtu akiisha kuitwa shujaa mbele ya watu wote, hawezi tena kusema kwamba aliogopa. Hawezi kusema kwamba usiku bado aamka akilia, wala kwamba yuko mtu mmoja ambaye sura yake haimtoki. Tumemvika joho zuri mno, naye afungwa ndani yake. Akisema ukweli atatuvunja moyo. Basi anyamaza, au aturudishia zile hadithi tunazozipenda.

Mtakatifu Thoma wa Akwino aliiweka fadhila ya kusema kweli karibu na fadhila ya haki, kwa sababu wanadamu hawawezi kuishi pamoja wasipoaminiana. Yaani ukweli si pambo la maneno. Ni kitu ambacho mtu humpa mwenziwe kwa kuwa ni chake. Kama ndivyo, basi mwenye kusimulia habari za askari kwa kuzitia chumvi amelipa deni kwa fedha ya bandia, hata kama ameilipa kwa mikono miwili na kwa kupiga magoti.

JE, TUSEME HATA YALIYO MABAYA?

Mtu mwenye busara ataweza kutupinga hapa. Atasema: Mkianza kutaka ukweli wote, mtawaaibisha wazee, mtalivunjia heshima jeshi lililotuokoa, na vijana watajifunza kudharau. Funika kombe mwanaharamu apite.

Pingamizi hili lina uzito, nasi hatutaki kulipita upesi. Na tuchukue mfano ulio mgumu. Vita vya Kagera vilikuwa vya kujikinga. Tulishambuliwa, na watu wetu waliuawa. Lakini mwezi wa Februari 1979 mji wa Masaka katika Uganda ulipotekwa, sehemu kubwa ya majengo yake ilibomolewa na askari wetu, waliokuwa wamejaa hasira kwa yale waliyoyaona katika Kagera. Tufanyeje na habari hiyo? Tuifute?

Kwanza, tutofautishe sababu ya vita na matendo ya vitani. Mtaguso Mkuu wa Pili wa Vatikano, mwaka 1965, ulifundisha kwamba askari aitumikiaye nchi yake kwa haki ni mtumishi wa usalama na uhuru wa watu. Na papo hapo ukafundisha kwamba vita vikiisha kuanza kwa bahati mbaya, si kila jambo lawa halali kati ya maadui. Mafundisho hayo mawili hayapingani. Vita vyaweza kuwa vya haki, na ndani yake likatendeka tendo lisilo la haki. Mtoto wa darasa la saba aweza kulielewa hilo akielezwa vizuri, wala hataidharau nchi yake. Ataidharau siku ile atakapogundua mwenyewe kwamba alidanganywa.

Pili, nalo ndilo lenye nguvu kwetu, uongo wa kuwasifu wote huwadhulumu wale walio wema hasa. Fikiri juu ya askari mmoja aliyefika mahali kama pale, mwenye hasira ile ile, mwenye silaha ile ile, naye akauzuia mkono wake. Labda alimwacha mtu akapita. Labda alisimama mlangoni pa nyumba ya watu akasema: Hapa hapana ruhusa. Huenda hilo ndilo tendo kubwa kuliko yote aliyopata kuyatenda maishani. Lakini kama twasimulia kwamba hakuna aliyekosa, basi huyu naye hakufanya lolote. Alifanya tu kama wote. Tukiyafunika makosa, twaifunika na fadhila iliyoshindana nayo.

Basi jibu letu ni hili: habari iwe ya kweli, na ukweli usemwe kwa huruma na kwa kiasi. Kusema kwamba jambo baya lilitendeka si kumnyoshea kidole mzee fulani mbele ya wajukuu wake. Haki yatutaka tusidanganye juu ya vita. Haitupi ruhusa ya kuwa mahakimu wa kila aliyepigana.

KIMYA SI UONGO

Twafika sasa kwenye swali la pili. Kama sisi twawiwa masikio, je, mzee naye awiwa na ulimi wake? Yaani, je, tuna haki ya kumlazimisha aseme?

La. Kovu ni la mwenye nalo. Wako watu ambao kulisimulia jambo kwao ni kulipitia upya, na hakuna mtu mwenye haki ya kumrudisha mwenziwe kwenye moto ili yeye apate habari. Kimya kingi kina mshindo mkuu, wasema Waswahili. Na mwenye adabu aketiye karibu na kimya cha namna hiyo huusikia mshindo wake, wala hadai maneno. Udadisi wa kutaka kujua aliua wangapi si kusikiliza. Ni njaa ya macho, nayo yafaa kukemewa hata kwa watoto.

Lakini kunyamaza ni jambo moja, na kusema uongo ni jambo jingine. Hapa liko swali ambalo askari wengi wamelichukua moyoni miaka mingi bila kupata wa kumwuliza. Mwaka 1944 merikebu iitwayo Khedive Ismail ilitoka Mombasa kwenda Colombo, ikiwa na watu 1,511. Kati yao karibu elfu moja walikuwa wa kikosi cha mizinga cha Afrika Mashariki. Tarehe 12 Februari nyambizi ya Wajapani iliipiga, ikazama kwa dakika chache tu. Watu 1,297 walikufa. Na katika kuiwinda nyambizi ile, manowari za Kiingereza zilizokuwa zikisindikiza zilitupa mabomu ya kulipukia chini ya maji mahali pale pale walipokuwa wakielea waliookoka. Sasa mfikirie mmoja wa wachache waliosalimika, arudiye kwao, naye mama wa rafiki yake amjia akimwuliza: Mwanangu alikufaje?

Mtakatifu Augustino alilijua swali la jinsi hii. Aliandika juu ya mtu mgonjwa sana, ambaye mwanawe wa pekee amekufa naye hajui, aulizaye kama mwanawe yu hai. Na ukweli waweza kumwua. Augustino alikiri kwamba mfano huo wamchoma moyo kama mwanadamu. Hata hivyo hakukubali kwamba uongo wawa halali, kwa kuwa tukiufungua mlango huo mara moja kwa huruma, hatutajua tena tuufunge wapi.

Wengine wataona hukumu hiyo ni kali. Sisi twaiona kuwa yamlinda yule mama kuliko inavyomwumiza. Akiambiwa uongo mtamu, ataukumbatia maisha yake yote, na siku atakapousikia ukweli kwa mtu mwingine, mwanawe atakuwa amekufa mara mbili, na rafiki wa mwanawe atakuwa amepotea pia. Lakini kati ya uongo na kueleza kila kitu iko njia pana. Askari yule aweza kusema: Mama, merikebu ilizama upesi sana. Tulikula pamoja siku ile. Alikutaja. Kama mambo hayo ni kweli, basi ampe hayo, wala asiongeze, wala asijione mwongo kwa kuyaacha mengine. Mama akitaka zaidi, ataomba zaidi. Na hapo atajua kwamba mtu huyu hatamdanganya.

Kimya nacho kina mpaka wake. Kama mzee ajua mahali mwenziwe alipozikwa, na jamaa za mwenziwe wangali wakingoja bila habari. Au kama ajua kwamba mtu fulani aliitwa mwoga, kumbe hakukimbia. Hapo siri si yake peke yake. Ukweli huo una mwenyewe mwingine, naye yu hai, apita mbele ya mlango akiwa na maumivu ambayo neno moja lingeyapunguza. Enyi wazee wetu mlio na habari za namna hiyo, twawasihi kwa heshima: msizishushe pamoja nanyi kaburini. Waiteni watoto wa mwenzenu, mkawaambie.

LA KUFANYA NYUMBANI

Tusingoje serikali wala wataalamu wa historia. Nao wana kazi yao. Kazi hii ni ya nyumba. Likizo ijayo, watoto wakiwa wamerudi kutoka shuleni, mmoja achukue daftari, aketi karibu na babu wakati babu mwenyewe anapopenda. Amwulize kwanza mambo madogo: Mlikula nini? Mlitembea siku ngapi? Rafiki yako alikuwa nani, alitoka mkoa gani? Maswali madogo hayamtishi mtu, na mara nyingi ndiyo yafunguayo makubwa. Aandike kama anavyosikia, kwa maneno ya babu mwenyewe, bila kuyapamba. Aandike majina ya watu na ya mahali, na mwaka. Babu akisema, "Hapo tuache," aache, aandike kwamba hapo waliacha. Na akijichanganya, yaani leo aseme hivi na kesho vile, asimsute; ayaandike yote mawili.

Wala asimsahau bibi. Yeye hakwenda Kampala. Alibaki na watoto, akangoja barua, akalima shamba peke yake, kisha akampokea mume aliyekuwa amebadilika. Naye alikuwa vitani kwa namna yake, na kwa kawaida hakuna amwulizaye kabisa. Wasahauliwe vipi pia wale waliopika, waliobeba, waliozika, na wakulima wa Kagera waliorudi wakakuta nyumba hazina mapaa?

Daftari hilo likiisha kujaa, liwekwe pamoja na vyeti vya ubatizo na hati ya shamba, maana nalo ni hati. Na tarehe 25 Julai, baada ya kuwaombea waliolala Kaboya na pengine pote, mzee akikubali, kipande chake kisomwe mezani, mbele ya wajukuu, polepole, naye akiwapo kusahihisha.